Paka Hapangi Miba

Nilivunjika mkono kwa kuteleza kwenye nywele. Huu si utani, ingawa mimi ni mtu wa utani. Ninafanya kazi ya ukinyozi pale Ukunda, na siku hiyo nilikuwa nimemnyoa kijana mmoja aliyefuga msitu kichwani tangu Idi hadi Idi. Nywele zikarundikana sakafuni kama mbuzi aliyejilaza. Zamu ya kufagia ilikuwa ya Menza, kinyozi mwenzangu, naye hakufagia. Nikarudi nyuma kidogo niitazame kazi yangu kwa mbali, maana fundi lazima ajisifu hata kama hakuna anayemsifu, miguu ikaenda Lungalunga, mimi nikabaki Ukunda. Niliangukia kiganja. Mfupa ukalia kama ufito.

Mkono wenyewe ulikuwa wa kulia.

Menza alikuja mbio, akautazama ulivyopinda, akasema, "Pole sana, ndugu yangu. Lakini Mungu hamwachi mja wake. Wewe si una spea?"

Spea aliyoisema ni mkono wangu wa kushoto. Ila Menza alikosea. Spea ndiyo hiyo iliyovunjika. Mimi nimezaliwa shoto.

Mamangu, Bi Subira, alilijua hilo kabla sijaota meno. Kule kwetu Tiwi mtoto akinyoosha mkono wa kushoto kupokea embe, embe linarudi mfukoni. Mama akachana leso, akanifunga mkono kiunoni mchana kutwa, na usiku akanipaka pilipili vidoleni nisije nikaunyonya ukanizoea. Simlaumu. Alikuwa akiniokoa na watu. Nikajifunza kusalimu kwa kulia, kula wali kwa kulia, na kuandika kwa kulia, mwandiko ambao mwalimu wangu wa kidato cha pili aliuita nyayo za kuku. Lakini kuna somo moja leso haikulifundisha, nalo ni miba ya samaki. Mkono wa kulia ukimgusa samaki wa miba, unampapasa kama anayetafuta funguo gizani. Kwa hiyo mbele za watu nikawa mtu wa papa na pweza, samaki wasiokuwa na vita. Watu wakasema, "Luqman na pweza, hawaachani!" Wacha waseme. Nikiwa peke yangu, mlango umefungwa, namtenga tasi wangu, samaki wa miba mitupu, na kushoto kunafanya kazi yake.

Na dukani je? Dukani kioo kilinisitiri. Mteja hukaa akijitazama, nami nikiwa nyuma yake na mashine mkono wa kushoto. Ndani ya kioo yule Luqman mwingine anaonekana ameishika kwa kulia, kijana safi kabisa. Hakuna mteja aliyegeuka kuhakikisha, na Menza naye, tukinyoa mgongo kwa mgongo, alinijulia kiooni.

Isipokuwa Mwanapili. Yeye hakuja kunyolewa, alimleta mtoto wa dadake, akakaa kwenye benchi la pembeni ambako kioo hakifiki.

"Kaka," akasema, "kumbe wewe ni shoto."

"Nani kakwambia?"

"Macho yangu."

"Macho yako yamepinda."

"Mkono wako ndio uliopinda. Endelea tu, unanyoa vizuri."

Nikamwomba namba ya simu. Akaniambia niiandike, akataka aone nitaiandika kwa mkono upi. Nikaiandika kwa kushoto, mbele za watu, kwa mara ya kwanza tangu nitoke tumboni. Mtu akishakuona hivyo na asikimbie, unaoa.

Tatizo lilikuwa babake. Mwanapili ni binti wa Maalim Abdulwahab wa Msambweni, na Maalim ana madrasa, na madrasa ile inasifika kwa jambo moja: inanyoosha mashoto. Wazazi huwaleta watoto hata kutoka Majoreni. Mtoto akiandika kwa kushoto, Maalim anafuta ubao wote, anamwambia aanze upya kwa mkono wa watu. Akirudia, rula inapita vidoleni.

"Babangu akijua," Mwanapili aliniambia, "hakupi hata maji ya kunywa."

Hakujua. Wazee wangu walikwenda kuposa, posa ikapokelewa, harusi ikawekwa baada ya Maulidi. Siku ya kutambulishwa nilikula wali na mchuzi wa papa kwa adabu zote, mkono wa kushoto nimeuficha kama mwizi wa kuku. Maalim akaniita mwanangu. Ilibaki nivuke miezi michache tu bila samaki wa miba, na Mwanapili awe mke wangu.

Ndipo Menza asifagie.

Nilitiwa plasta kutoka vidoleni mpaka kwenye kiwiko. Na nitasema kweli: wiki ile ya kwanza Ukunda nilikuwa mfalme. Nilinyoa kwa kushoto waziwazi na hakuna aliyenung'unika, maana nina dharura. Wateja walinionea huruma mpaka basi. Mzee mmoja alijipapasa upara wake, akatikisa kichwa, akasema, "Masikini! Kwa kushoto ananyoa hivi, angekuwa mzima je?" Menza alitoka nje kucheka. Sijawahi kuwa mzima kama nilivyokuwa na ile plasta.

Kisha Maalim akapata habari. Akatuma neno: mkwe ameumia, aje Ijumaa baada ya swala tumwone.

Nikaenda. "Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Pole, pole sana. Hili nalo litapita." Akanishika bega maana mkono haukushikika. Tukakaa mkekani barazani, mimi na yeye, na pale mlangoni akakaa dadake mkubwa, Bi Twaiba, ambaye katika nyumba ile ndiye Mahakama ya Rufani. Nyuma ya pazia niliziona ndara za Mwanapili, zile za buluu. Sinia likaletwa. Wali wa nazi, papa, kachumbari.

Maalim akasema, "Tumia kushoto tu, mwanangu. Dharura ina ruhusa yake."

Ningeitika ningekuwa salama. Mtu yeyote mwenye akili angeitika, akachota kwa kushoto na kumwaga kidogo, hadithi ikaisha. Lakini nilikuwa na miaka mingi ya kuuficha ule mkono, na mtu aliyezoea kuficha hajui kuonyesha nusu. Niliogopa ukipewa ruhusa utajisahau. Nikafanya adabu ya kupitiliza.

"Wallahi, Maalim, siwezi," nikasema. "Tangu nizaliwe mkono huu haujafika kinywani. Nitatapika."

Maalim alinitazama mpaka machozi yakamlengalenga. "Mashallah. Kijana wa siku hizi! Twaiba, umesikia?"

"Nimesikia," akasema Bi Twaiba. "Na tazama huo mkono wake ulivyotulia. Kama maiti."

Ulikuwa umetulia kwa sababu nilikuwa nimeukalia.

Maalim akanawa, akafinyanga tonge la wali, akalichovya kwenye mchuzi, akaliinua mpaka usoni mwangu. "Fungua mdomo, mwanangu."

Nikafungua. Kijana mzima, mwenye ndevu, ninalishwa na baba mkwe kama ndege kiotoni, na mkono wangu mzima nimeutia chini ya makalio, umekufa ganzi. Nyuma ya pazia mtu alianza kukohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

Jioni Mwanapili akanipigia. "Hujambo? Mtoto amelala?"

"Nicheke tu."

"Ameshiba? Amecheua?"

"Mwanapili, babako ana huruma mpaka inaniogopesha."

"Huruma anayo," akasema, na kicheko kikampungua. "Hiyo ndiyo shida yake. Hata rula anaipiga kwa huruma."

Basi kila Ijumaa nikawa naalikwa kulishwa. Maalim aliona ni thawabu. Majirani walipita wakasimama kutazama. Wengine walisema lile jambo ni mfano mwema, baba mkwe na mkwe. Nami nilimeza.

Mpaka ikaja Ijumaa ya tasi.

Bi Twaiba aliletewa tasi wabichi wanene, akawakaanga, akawatia ukwaju na pilipili, akawalaza juu ya wali. Harufu ile ilinishika shati. Maalim alikuwa ndiyo kwanza ananawa, sauti ikaita hodi uani. Alikuwa mzazi, Mzee Mangi, ametoka mbali akiwa na bintiye. Mtoto ana shoto, anaomba Maalim amwone.

"Nisubiri, mwanangu," Maalim akaniambia, "nije nikulishe." Akatoka. Bi Twaiba akainuka kwenda kumwekea mgeni maji.

Nikabaki mimi na tasi.

Nilisubiri. Nashuhudia kwamba nilisubiri. Niliwasikia huko uani wakizungumza, Maalim akisema, "Inatoka, usiwe na wasiwasi, mimi nimezitoa nyingi." Na tasi wa upande wangu alikuwa akinitazama kwa jicho lake jeupe, mgongo umepasuka kidogo, mvuke unatoka. Nilikuwa sijala tangu alfajiri. Mkono wenyewe ukatoka chini yangu, sikuutuma. Ukaingia mgongoni mwa samaki, ukamfungua kama kitabu, ukauinua ule uti wa mgongo kwa mara moja pamoja na mbavu zake zote, ukauweka kando. Nyama upande huu, miba upande ule. Kichwa sikukigusa, huwa nakiacha cha mwisho. Mkono haukuwa na haraka. Ulikuwa na raha, kama mtu aliyerudi kwao baada ya safari.

Nilipozinduka samaki hayupo, na miba imelala kwenye ukingo wa sinia, mikubwa na wenzake, midogo na wenzake, imenyooka kama meno ya chanuo. Nikaurudisha mkono chini.

Maalim akarudi. Akaketi, akatazama sinia.

"Tulikuwa na samaki wangapi hapa?"

"Paka, Maalim."

"Paka?"

"Paka mweupe. Amepita kama umeme. Nilimfukuza kwa mguu, mikono ndiyo kama unavyoiona."

Bi Twaiba alikuwa amesimama mlangoni. "Paka gani mweupe? Mtaa huu paka wote ni weusi."

Maalim aliinama karibu na sinia, akaipanga miwani yake, akaitazama miba kwa muda mrefu, kama anavyotazama ubao wa mwanafunzi.

"Paka huanza na kichwa," akasema polepole. "Hapa kichwa kipo. Na tangu lini paka akapanga miba?"

"Labda paka wa madrasa," nikasema.

Nimesema mizaha mingi maishani, mingine ikachekesha, mingine ikalala. Ule ulikufa.

"Nipe mkono."

Nikanyoosha wa plasta.

"Ule mwingine, Luqman." Hakuniita mwanangu.

Nikautoa. Akaunusa. Ulinuka ukwaju.

"Ni dharura, Maalim."

"Dharura nilikupa mwenyewe, ukaikataa, ukasema utatapika. Na mtu wa dharura anamrarua samaki. Anamwaga wali. Anakwama mwiba, anapigwa mgongo. Mimi nimefundisha mikono tangu ujana wangu. Mkono huu haukuanza leo. Mkono huu umehitimu."

Nilingoja ukali. Ukali ningeuweza, ningeuombea msamaha. Lakini Maalim alikaa tu kama aliyekatwa miguu. Alionekana mzee.

"Sasa hivi nimemwambia mzazi inatoka," akasema. "Nimwambie nini kesho? Kwamba shoto imeingia kwangu kwa mlango wa mbele nikaipokea posa yake? Nitawaita watoto wa watu wanyooshe vidole, na mkwe wangu..." Akavua miwani. "Na watoto wenu? Utanifanya niwapige vidole wajukuu wangu mimi?"

Ningeweza kusema usiwapige, basi. Ndilo jibu pekee lililokuwepo, dogo tu, la maneno mawili, na halikutoka. Mtu umeposa kwake, amekulisha kwa mkono wake, umemdanganya kuhusu paka. Unaanzia wapi kumfundisha?

Bi Twaiba ndiye aliyekata hukumu. "Hakuna kilichoharibika. Unafungwa. Mkono ni kama mche, unaelekezwa."

"Mche gani, Shangazi, na ndevu zote hizi?"

"Hata mti mzima hukatwa matawi."

Sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Shangazi, ana mkono mmoja tu mzima!"

"Wewe nyamaza. Hukuitwa."

Maalim akainua uso. "Posa siivunji," akasema. "Sitamfedhehesha mtoto wangu wala mamako. Lakini siku utakapomla tasi kwa mkono wa kulia, hapa mbele yangu, ukaipanga miba kama hivi, siku hiyo ndiyo nitamwita sheikh. Kabla ya hapo hapana."

"Maalim, wa kulia una plasta."

"Ndiyo maana huu ufungwe sasa. Ule ukitoka usikute mwenzake ameshashika kazi yake."

Bi Twaiba alikuwa tayari amechana leso. Nikatoa neno kwamba sitaufungua, akanikunja mkono kifuani, akaufunga kwa fundo la watu waliozoea kufunga mizigo.

"Na chooni, Shangazi?" nikauliza.

"Chooni mamako atakufungulia," akasema. "Huko ruhusa. Huko ndiko kwake."

Nikarudi Tiwi bila mikono. Mama alikuwa akichambua mchele. Aliitazama plasta, kisha akaitazama leso. Alijua leso ni leso ya nini.

"Narudia darasa, mama," nikamwambia.

Hakucheka. Akaweka ungo chini. "Mimi nilidhani niliimaliza kazi hii," akasema, akajifuta macho kwa mkono wenye pumba, nami sikuweza hata kumwondolea ile pumba usoni.

Hujui nzi ni mnyama gani mpaka ukose mikono. Anatua puani, ananawa, anasugua viganja, anajipangia siku yake, na wewe unampulizia tu kama mpishi wa mkaa. Dukani nilikaa benchi la pembeni, lile la Mwanapili. Menza alinyoa wateja wangu na wake. "Fanya hivi," akaniambia, "shika mashine kwa meno, mimi nitawazungusha vichwa." Kisha akaacha mzaha, akasema kwa sauti ya chini, "Luqman, si nikufungue tu? Nani ataona?" Lakini Ukunda ni njia ya kila mtu. Mtu wa Msambweni akipita tu, Bi Twaiba anajua kabla hajashuka. Na nilikuwa nimetoa neno. Nikataka kujiuliza kwa nini nilitoa neno, nikaona Mwanapili yuko upande wa pili wa neno hilo, nikaliacha swali.

Simu ilishikwa na mama, akaiweka spika. Mapenzi ya spika hayana utamu.

"Mama mkwe yupo hapo?" Mwanapili akauliza.

"Yupo. Ndiye mkono wangu."

Mama akailaza simu juu ya mto, akatoka.

"Fungua hiyo leso, Luqman."

"Nikifungua sikupati."

Akasema, "Na mtoto akizaliwa hivyo?"

"Tutampa papa na pweza."

"Nimekuuliza."

"Nami nimejibu, hana haja ya..."

"Mimi nimekulia nyumba hiyo," akasema. "Naijua sauti ya rula kabla sijajua kusoma. Wakati mwingine naisikia nikiwa usingizini. Usinifanyie mzaha hapo. Hapo tu."

Nikatafuta neno lisilo mzaha. Nimesoma mpaka kidato cha nne, nimepata alama nzuri za insha, na sikulipata. Simu ikakatika yenyewe au aliikata, mimi sikuwa na kidole cha kupiga tena. Nikamwita mama, lakini alikuwa kisimani.

Plasta ilipokatwa, mkono wa kulia ulitoka mwembamba, mweupeweupe, umenyonyoka kama kuku wa maji ya moto. Haukushika hata kijiko. Maulidi yalikuwa yanakaribia. Nikawa nanunua tasi kila siku, mama anawakaanga, nami nawapapasa kwa kulia huku kushoto kumefungwa kifuani. Nilimeza miba isiyo na idadi. Jirani alishauri ndizi mbivu ya kusukumia. Nikala ndizi mpaka nikazichukia.

Ijumaa ya kwanza mbele ya Maalim nilimsaga samaki akawa uji. Ijumaa iliyofuata mwiba ukanikaa kooni. Maalim mwenyewe ndiye aliyenipiga mgongo, akanimezesha tonge kavu, anatetemeka kuliko mimi. "Taratibu," alikuwa akisema. "Anzia mgongoni, mwanangu. Usimvute mkia." Alikuwa amerudi kuniita mwanangu. Naapa alitaka nishinde. Kila nilipoinua mwiba, midomo yake ilikuwa ikisoma dua.

Maulidi yakapita. Tarehe ya harusi ikapita nayo, kimyakimya, kama mgeni aliyekuta mlango umefungwa. Hodi hodi, akaenda zake.

Ijumaa hii iliyopita niliamka nikiwa na imani. Usiku wake nilikuwa nimemaliza tasi mzima kwa kulia bila kukwama, mama ni shahidi. Nikaenda. Sinia likaletwa, tasi mmoja kwangu, mmoja kwa Maalim. Bi Twaiba akavuta kigoda karibu. Nyuma ya pazia, ndara za buluu.

Nikaanzia mgongoni. Mkono wa kulia ulikuwa mzito, lakini ukaingia. Nikamfungua upande mmoja. Nikauinua uti wa mgongo, ukakatika kati, nikatoa kipande cha kwanza na cha pili. Mbavu nikazitoa mmojammoja. Jasho lilinidondoka kwenye wali. Maalim alikuwa ameshika magoti yake, hapumui. Nikaiweka miba ukingoni, mikubwa na wenzake, midogo na wenzake, imepindapinda kidogo lakini imepangwa. Nikala kipande cha mwisho. Nikakaa, nikatazama.

"Alhamdulillah," Maalim akasema kwa pumzi. Uso wake wote ulifunguka. "Twaiba! Umeona?"

Bi Twaiba hakuwa akitazama sinia. Alikuwa akinitazama kifuani.

"Bado," akasema.

"Bado nini? Amemaliza!"

"Tazama hapo."

Sote tukatazama. Chini ya leso, vidole vyangu vya kushoto vilikuwa vikicheza. Polepole, bila haraka, vinafungua, vinainua, vinaweka kando. Vilikuwa vinamla samaki wao. Nilijaribu kuvizuia, nikaviambia moyoni vitulie kwa ajili ya Mungu, na vikatulia, kisha kidole kimoja kikarudi tena, kikapanga mwiba mmoja ambao haupo.

"Mzizi bado," akasema Bi Twaiba. Hakusema kwa ubaya. Aliinuka, akaja, akalifungua fundo, akalifunga upya, safari hii na vidole ndani.

Nilimtazama Maalim. Angeweza kusema imetosha. Neno lilikuwa pale kooni mwake, nililiona likipanda na kushuka kama mwiba. Akatazama uani, kwenye mbao za watoto zilizopangwa ukutani zinakauka, akatazama dadake, akanitazama mimi.

"Ijumaa ijayo, inshallah," akasema.

Nyuma ya pazia, ndara za buluu zikageuka. Zikaenda zao, nikazisikia mpaka mlango wa uani, kisha sikuzisikia tena.

Maalim akanawa mikono. Akamvuta yule tasi wake ambaye hakuwa amemgusa, akamtoa miba yote kwa uangalifu mkubwa, akafinyanga tonge, akaliinua.

"Umechoka," akasema. "Fungua mdomo, mwanangu."

Nikafungua.